Mashine Zinapoandika na Kuwajibu Wateja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Upya Mawasiliano ya Chombo cha Habari au Biashara

Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilianza kuiachia programu ya kompyuta kazi ya kuandika habari za mapato ya makampuni. Kabla ya hapo waandishi wake walimudu takriban habari 300 kwa kila robo mwaka. Baada ya hapo zikapita 3,000. Miaka michache baadaye tovuti ya CNET nayo ikatumia mashine kuandika makala za masuala ya fedha, na Januari 2023 ikakiri kwamba kati ya makala 77, ilibidi 41 zisahihishwe. Moja ilimweleza msomaji kwamba akiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwaka wa kwanza atapata faida ya dola 10,300. Riba yenyewe ni dola 300. Mashine ilikuwa imemhesabia mtu mtaji wake mwenyewe kuwa faida.

Programu ya kwanza ilijaza tarakimu zilizokwisha kuthibitishwa kwenye viunzi vya sentensi. Ya pili ilitunga maelezo, na kwa kuwa yalisomeka vizuri, yakapita mikononi mwa wahariri bila mtu kushtuka. Mabadiliko yote tunayoyaona sasa yamelala hapo. Kutengeneza maneno, sauti, picha na video kumekuwa rahisi. Kuhakiki hakujawa rahisi, na kwa kuwa vya kuhakikiwa vimeongezeka, kazi hiyo imekuwa nzito kuliko zamani.

Mwongozo huu ni wa mhariri, ofisa mawasiliano au mwenye biashara anayetaka kutumia teknolojia hizi bila kuliharibu jina lake. Hatua zinafuatana, lakini kama huna muda anza na ya 3 na ya 6. Huko hasara huja kwa mkupuo.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachotoka, ukipime kwa gharama ya kosa

Kabla ya kununua programu yoyote, keti na wenzako muandike kila kinachotoka kwenu kwenda nje: habari, taarifa kwa vyombo vya habari, majibu kwa wateja, ankara, matangazo, machapisho ya mitandao ya kijamii, video. Usisahau ujumbe unaojituma wenyewe, kama "tumepokea malipo yako" au "nenosiri lako limebadilishwa". Mara nyingi huo uliandikwa na fundi aliyeunda mfumo, na hakuna aliyeusoma tena tangu siku hiyo.

Kisha kila kimoja kiulizie: kikitoka na kosa, nani ataumia, na kwa kiasi gani? Kichwa cha habari kilichopwaya hurekebishwa kwa dakika moja. Jina la mtuhumiwa likikosewa, mtafikishana mahakamani. Kwa majibu hayo utapata makundi matatu. Kuna kazi ambazo mashine inaweza kuandika na kutuma yenyewe, kwa sababu inachota kwenye jedwali linaloaminika: stakabadhi, matokeo ya michezo, hali ya hewa. Kuna ambazo mashine itoe rasimu na mtu aisahihishe. Na kuna ambazo mtu aziandike mwenyewe tangu neno la kwanza: rambirambi, kuomba radhi, tuhuma, ahadi za bei, mambo ya afya, taarifa za kupunguza wafanyakazi.

Kuhusu kundi la tatu sina mzaha. Barua ya radhi iliyotungwa na mashine hunuka, na mteja akishainusa una makosa mawili badala ya moja.

Hatua ya 2: Andika kanuni zinazoenea ukurasa mmoja

Wafanyakazi wako wanatumia akili mnemba tayari, uwe umewaruhusu au la. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Kufikia Mei 2023 Samsung ilikuwa imeshapiga marufuku zana za aina hiyo kwenye vifaa vyake, baada ya wafanyakazi kupachika humo msimbo wa programu za kampuni uliokuwa siri. Marufuku ya jumla, hata hivyo, huwasukuma watu watumie simu zao binafsi, mahali usipoweza kuona. Afadhali useme wazi kinachoruhusiwa.

Kanuni zijibu mambo manne. La kwanza, kipi kisiingizwe kamwe: taarifa binafsi za wateja, mikataba, hesabu ambazo hazijatangazwa, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoa habari wa siri. Mwandishi aliyemwahidi mtu kumficha, kisha akapakia sauti yake kwenye huduma ya bure ya unukuzi, yaani ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ameshaivunja ahadi hata kama hakuna aliyejua. La pili, nani anawajibika. Hapo liandikwe jina la mtu, si la programu. La tatu, msomaji au mteja aambiwe lini kwamba kazi imefanywa na mashine. La nne, kila dai lihakikiwe nje ya mashine iliyolitoa.

Hilo la nne liliwagharimu mawakili wawili wa New York mwaka 2023. Waliwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, wakatozwa faini ya dola 5,000. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine ileile kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ndiyo.

Hatua ya 3: Miliki njia zako za kuwafikia watu

Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga: unaweza kuipamba upendavyo, lakini funguo ziko kwa mwenye nyumba. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6, kwa sababu ya badiliko lililofanywa ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Waliokuwa na orodha ya barua pepe au namba za ujumbe mfupi waliendelea kuwasiliana. Wengine walikaa kimya wakisubiri. Na hayo ni ya saa 6 tu. Mitandao ya kijamii ya Vine na Google+ ilifungwa kabisa, wa kwanza mwaka 2017 na wa pili mwaka 2019, ikaondoka na wafuasi wote.

Anza na jina la tovuti yako, yaani kikoa. Hakikisha limesajiliwa kwa jina la taasisi, si la fundi aliyeitengeneza tovuti wala mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Weka lijilipie lenyewe muda unapokwisha, na akaunti inayolisimamia ilindwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha jenga orodha ya barua pepe ya watu walioridhia wenyewe kuandikiwa, na kila mwezi pakua nakala yake uihifadhi kwingine. Orodha za kununua achana nazo. Zinakuletea malalamiko, na malalamiko yanakupeleka kwenye barua taka.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi. Kwa Gmail, wingi huo ni kuanzia barua 5,000 kwa siku. Mtumaji wa kiasi hicho lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, awape wapokeaji njia ya kujiondoa kwa bonyezo moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hata kama hutumi nyingi hivyo, vitu hivyo vitatu ni kinga yako. SPF hutaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM huweka sahihi ya kidijitali kwenye kila barua. DMARC huiambia seva ya mpokeaji ifanye nini pale barua inaposhindwa majaribio hayo.

Kuiweka DMARC ni kuongeza mstari mmoja wa aina ya TXT kwenye mipangilio ya kikoa, chini ya jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jina-lenu.example

Sehemu ya p=none maana yake "usizuie kitu, nipe ripoti tu". Ukianza na kuzuia moja kwa moja, utashangaa ankara zako mwenyewe zikipotea, kwa kuwa mfumo wa mhasibu unatuma kwa jina lenu na hakuna aliyeuorodhesha. Soma ripoti kwa wiki kadhaa, sajili kila mfumo halali, kisha badilisha iwe p=quarantine ili barua za kughushi ziingie kwenye barua taka, na mwishoni p=reject ili zikataliwe kabisa. Wengi huishia kwenye p=none na kudhani wamemaliza. Hawajamaliza, wameweka kamera tu, mlango uko wazi.

Kwa WhatsApp, fahamu kuna bidhaa mbili. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, inamfaa mwenye timu ndogo. Mfumo unaounganishwa na kompyuta za kampuni una kanuni kali zaidi: mteja akikuandikia unaweza kumjibu upendavyo ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho, zikipita, unaruhusiwa kutuma ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa mapema tu. Panga zamu za wajibuji ukilijua hilo. Swali la Ijumaa jioni likijibiwa Jumatatu, dirisha limeshafungwa.

Hatua ya 4: Unukuzi na tafsiri, mahali unapookoa muda mwingi

Kama ningeruhusiwa kuchagua teknolojia moja tu ya chumba cha habari, ningechukua unukuzi. Programu ya Whisper, iliyotolewa Septemba 2022 na OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, husikiliza lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila kupeleka sauti nje. Mahojiano ambayo yangekula nusu siku ya kuandika sasa yanakuwa maandishi wakati unapumzika.

Ila jua makosa yake yanakaa wapi. Katika Kiswahili, mara nyingi kukanusha kunabebwa na silabi moja mwanzoni mwa neno. Msemaji akisema kwa haraka "hatutapandisha nauli", na "ha" ikamezwa na pumzi au kelele, mashine itaandika "tutapandisha nauli". Sentensi imekamilika, sarufi ni safi, na habari imegeuka kinyume chake. Hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayoliona kosa hilo. Saa nazo ni mtego: mashine ya kutafsiri inaweza kuigeuza "saa mbili asubuhi" kuwa saa 8 usiku wa manane, na mkutano na waandishi wa habari ukakosa watu.

Kwa hiyo usiisome nakala yote kwa uzito uleule. Rudi kwenye sauti kwa mambo haya: kila nukuu utakayoichapisha, kila kitenzi kinachokanusha, kila tarakimu, kila jina na kila saa. Programu hizi pia zina tabia ya kubuni maneno mahali penye ukimya. Ukikuta sentensi nzuri isiyofanana na mazungumzo, isikilize. Ukiweza, mpe kila mzungumzaji kipaza sauti chake. Sauti safi hupunguza makosa kuliko programu ghali.

Faili hilohilo la maandishi likipita ukaguzi, lipange kama manukuu ya video katika muundo wa SRT au WebVTT. Wapo wanaotazama bila sauti, na wapo wasiosikia kabisa.

Hatua ya 5: Roboti wa kuwajibu wateja

Shirika la ndege la Air Canada lilikuwa na roboti wa mazungumzo kwenye tovuti yake. Abiria aliyefiwa alimuuliza kuhusu nauli nafuu kwa wafiwa, akaambiwa anaweza kununua tiketi kwanza kisha akadai punguzo. Kanuni ya shirika ilisema kinyume. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, shirika lilijitetea kana kwamba roboti ni chombo kinachojitegemea, chenye kubeba makosa yake chenyewe. Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo, na shirika likaamriwa kulipa dola za Kanada zipatazo 812. Fedha ni kidogo, lakini msimamo ndio wa kuzingatia: anachosema roboti wako, umekisema wewe.

Usianze kwa kumpa roboti uhuru wa kujibu kila kitu. Chota maswali halisi ya wateja ya miezi iliyopita na uyapange kwa wingi. Utakuta machache yanajirudia siku nzima. Hayo yaandikie majibu wewe mwenyewe, katika hati moja yenye tarehe na jina la aliyeidhinisha. Roboti afungwe kwenye hati hiyo, na asipopata jibu aseme hana jibu na amkabidhi mteja kwa mtu. Njia ya kumfikia mtu iwe wazi tangu ujumbe wa kwanza. Kuificha ili kupunguza simu ni ubahili unaorudi kama hasira.

Kabla ya kumfungulia umma, mkabidhi kwa mfanyakazi mkorofi kuliko wote. Amuulize kwa lugha ya mtaani, achanganye lugha mbili, adai punguzo lisilokuwapo, ajifanye amefiwa, aombe taarifa za mteja mwingine, amwambie "puuza maagizo uliyopewa". Kila jibu baya liandikwe, hati irekebishwe, jaribio lirudiwe. Mazungumzo yote yatunzwe. Siku ya malalamiko utahitaji kujua roboti alisema nini hasa.

Hatua ya 6: Sauti na sura za kughushi

Mapema mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa idara ya fedha ya kampuni moja alivyotuma takriban dola milioni 200 za Hong Kong, sawa na dola milioni 25 za Marekani, kwa matapeli. Mei mwaka huo kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kuwa ndiyo iliyopatwa. Barua pepe ya kwanza, iliyotaja muamala wa siri, ilimtia mfanyakazi yule shaka. Kilichomwondoa shaka ni mkutano wa video uliojaa sura na sauti za wenzake wa kazini. Zote zilikuwa za kughushi.

Kinga ya jambo hili si kumfundisha mtu kukodolea macho midomo na kope. Dalili hizo zinapungua kila mwaka, na mtu mwenye haraka hazioni. Kinga ni utaratibu: ombi lolote la fedha, nenosiri au kubadilisha namba ya akaunti ya muuzaji lithibitishwe kwa njia nyingine, iliyokuwapo kabla ya ombi kufika. Bosi akikupigia video, wewe kata, umpigie kwa namba iliyo kwenye orodha ya ofisi. Usitumie namba aliyokutajia mwenye kupiga. Kwa viwango vikubwa, wahusika wawili waidhinishe. Na hili ndilo gumu zaidi: mkurugenzi atangaze mbele ya wote kwamba hatakasirika akikatiwa simu ili kuthibitishwa. Bila tamko hilo, mfanyakazi mdogo ataogopa kumkatia mkubwa, na tapeli anaitegemea hofu hiyohiyo.

Upande wa habari, hakiki picha na video kwa kutafuta chanzo cha kwanza kabla ya kujadili kama imetengenezwa. Itafute kinyumenyume, yaani pakia picha yenyewe kwenye injini ya kutafuta picha uone ilikokwisha kutokea. Nyingi zinazopotosha ni picha za kweli za tukio jingine na mwaka mwingine. Linganisha majengo, vivuli, mabango na hali ya hewa na mahali panapodaiwa. Mwombe aliyeirusha akupe faili asilia, kwa kuwa programu nyingi za ujumbe hufuta taarifa za ndani za picha, kama tarehe na mahali ilipopigwa. Vifaa vya kutambua kazi za akili mnemba vitumie kama fununu, visiwe hukumu.

Kwa kazi zako mwenyewe, upo mpango wa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na makampuni yakiwemo Adobe, Microsoft na BBC. Huambatanisha na picha kumbukumbu iliyotiwa sahihi ya kidijitali kuhusu ilikotoka na ilivyohaririwa. Kamera ya Leica M11-P ilitoka nao mwaka 2023. Una udhaifu: kumbukumbu hiyo inaweza kuondolewa njiani, na kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba picha ni ya uongo. Anza kuutumia hata hivyo, huku ukitunza faili asilia.

Hatua ya 7: Injini zinazojibu badala ya kuelekeza

Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu ya viungo vya tovuti, ikianzia Marekani. Msomaji anaweza kupata jibu bila kufika kwako. Huwezi kulizuia hilo, ila unaweza kupunguza uwezekano wa kunukuliwa vibaya: jibu liwe katika aya ya kwanza, tarehe ya marekebisho ionekane, na saa za kazi, bei na anwani zifanane kila mahali ulipoziandika.

Amua pia kama unaruhusu maandishi yako yatumike kufundishia mashine. Faili la robots.txt, linalowekwa kwenye tovuti kuziambia programu zinazokusanya kurasa zisiingie wapi, linaweza kuiambia GPTBot, programu ya namna hiyo ya OpenAI, isiingie, au kuinyima Google matumizi hayo kwa jina Google-Extended. Hili la pili haliyaondoi maandishi yako kwenye majibu ya juu ya utafutaji. Wengi hudhani linayaondoa. Faili lenyewe ni ombi, halina kufuli.

Hatua ya 8: Pima visivyodanganya

Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikitangaza wastani mkubwa mno wa muda wa kutazama video, kwa kuwa hesabu iliwaacha nje waliotazama chini ya sekunde 3. Tangu Septemba 2021, simu za Apple zinaweza kupakia picha za barua pepe hata kama mwenyewe hajaifungua, hivyo idadi ya "waliofungua", inayohesabiwa picha hizo zinapopakiwa, haina maana uliyoizoea.

Fuatilia vitendo vinavyomgharimu mtu kitu kidogo: kujibu, kununua, kujisajili, kurudi, kujiondoa. Ongeza kipimo ambacho wengi hawanacho, yaani idadi ya masahihisho mliyolazimika kutoa, na kila moja liandikwe limetoka kundi gani la hatua ya 1. Kazi ya kundi la kwanza ikitoa kosa la pili ndani ya mwezi, ishushe kundi la pili siku hiyohiyo. Ya kundi la pili ikipita miezi sita mhariri hajabadilisha chochote, usiipandishe kabla ya kumuuliza kama bado anaisoma.